Mpangaji Aliyeketi Barazani

Wengi wetu tuliijua Appalachia kupitia Netflix. Mwaka 2020 Ron Howard alitoa filamu ya Hillbilly Elegy kutokana na kitabu cha J.D. Vance cha 2016, na picha iliyotubaki kichwani ni ileile: milima, mama aliyezidiwa na dawa za kulevya, nyanya mkali, halafu kijana mmoja anayechomoka. Vance mwenyewe alikulia Middletown, Ohio. Milima ya Kentucky ilikuwa kwao na nyanya yake, mahali pa kwenda likizo. Kitabu kilimfungulia njia, na tangu Januari 2025 yeye ni makamu wa rais wa Marekani. Milima je, imefika wapi?

Ukitaka jibu lenye akili zaidi, tafuta Stranger with a Camera ya Elizabeth Barret, iliyotoka mwaka 2000. Ni ya saa moja hivi, haina mbwembwe, na inahusu kaunti moja tu: Letcher, mashariki mwa Kentucky. Kuna swali inaloliuliza vizuri kuliko filamu yoyote niliyoiona, na kuna swali ambalo naona ililikaribia kisha ikaliachia njiani.

Kisa chenyewe ni kifupi. Tarehe 20 Septemba 1967, mtengenezaji filamu wa Kanada, Hugh O'Connor, alikuwa na wenzake katika kijiji cha Jeremiah. Walikuwa wanakusanya picha za maisha ya Marekani kwa ajili ya filamu ya maonyesho ya HemisFair, yaliyokuja kufanyika San Antonio mwaka uliofuata. Wakamwona mchimbaji wa makaa ya mawe ametoka kazini, uso bado mweusi kwa vumbi, ameketi barazani na mtoto. Wakaomba ruhusa ya kumpiga picha, akakubali. Kisha akatokea mwenye nyumba, Hobart Ison, na bastola mkononi, akawaamuru watoke kwenye ardhi yake. Walikuwa wanaondoka alipofyatua risasi. O'Connor akafa.

Cha kushangaza ni kilichofuata. Letcher ilijaa watu waliomhurumia Ison kiasi kwamba kesi ilihamishiwa kaunti jirani ya Harlan. Huko nako, mara ya kwanza, jopo la raia halikukubaliana. Mwaka 1969 Ison akakiri kosa dogo kuliko mauaji ya kukusudia, akapewa miaka 10, na baada ya mwaka mmoja akaachiliwa kwa masharti.

Kwani watu hawa walikuwa na nini? Barret anajibu kwa kurudi nyuma, na hapa ndipo filamu yake inaposhinda Hillbilly Elegy kwa mbali. Kwa Vance, umaskini wa mlimani ni tabia: watu wamekata tamaa, hawajitumi. Kwa Letcher, umaskini una karatasi. Kabla reli haijafika mwanzoni mwa miaka ya 1910, mawakala walipita nyumba kwa nyumba wakinunua haki za madini yaliyo chini ya ardhi, wakati mwingine kwa nusu dola kwa ekari. Mkulima alibaki na udongo wa juu, akidhani ameuza kitu asichokihitaji. Miongo kadhaa baadaye yalipokuja matingatinga ya kuparua milima, hati zilezile zikatumiwa kudai kwamba mwenye madini ana haki ya kubomoa shamba ili ayafikie. Kentucky ililimaliza jambo hilo kwa kubadilisha katiba yake mwaka 1988.

Mji wa Jenkins ulijengwa na kampuni ya Consolidation Coal tangu msingi: nyumba za kampuni, duka la kampuni, daktari wa kampuni. Walikuja kuchimba watu weusi kutoka Kusini, Waitaliano, Wahungari. Kisha mashine zikachukua kazi, na watu wakabeba virago kuelekea viwanda vya Ohio na Michigan. Mwaka 1950 Letcher ilikuwa na watu karibu 40,000. Mwaka 2020 walibaki kama 21,000.

Halafu kamera zikaja. Mwaka 1963 wakili wa hapo Whitesburg, Harry Caudill, alichapisha kitabu Night Comes to the Cumberlands kuhusu uporaji huo. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson akatangaza vita dhidi ya umaskini, na vituo vya televisheni vikamiminika milimani. Watoto bila viatu, vibanda, kamasi. Picha zilikuwa za kweli, na zilileta misaada. Lakini watu wa Letcher waliziona jioni kwenye televisheni zao wenyewe, wakajikuta wamegeuzwa mfano wa aibu ya taifa. Kampuni zilizokuwa zimebeba utajiri hazikuonyeshwa, maana ofisi zake zilikuwa mbali na hazina baraza la mtu kuketi.

Barret hamsafishi Ison. Mtu kauawa, basi. Hasafishi kamera pia. Yeye mwenyewe ni wa Hazard, kaunti ya jirani, na amefanya kazi Appalshop, kituo kilichoanzishwa Whitesburg mwaka 1969 kwa pesa za vita vile vile vya Johnson ili vijana wa milimani wajifunze kutengeneza filamu. Yaani miaka miwili baada ya mgeni kupigwa risasi kwa kushika kamera, vijana wa hapohapo wakapewa kamera. Swali lake kuu ni hili: anayesimulia maisha ya wengine anadaiwa nini nao?

Swali zuri. Ila hebu turudi kwenye ile baraza.

Mchimbaji alikubali kupigwa picha. Aliyekataa ni mwenye nyumba. Ison hakuwa fukara aliyechoka kudhalilishwa. Alikuwa na ardhi na nyumba za kupangisha, na kilichokuwa kinaingia kwenye kamera ni nyumba yake na mpangaji wake. Huenda aliona aibu kwa niaba ya kaunti nzima. Lakini ukweli usemwe, aibu hiyo ilikuwa na faida kwake pia. Na tangu siku ile mjadala wote umekuwa kati ya mgeni mwenye kamera na mwenyeji mwenye bastola. Mtu aliyeketi katikati yao, uso umejaa vumbi la kazi, amegeuka kuwa mandhari.

Filamu inazigusa tofauti hizi za kitabaka ndani ya milima, lakini uzito wake unabaki kwenye wa ndani na wa nje. Nilitaka ikae zaidi na wapangaji. Nilitaka iulize kama "heshima ya jamii" si wakati mwingine jina zuri la heshima ya wenye mali.

Swali hili linanihusu. Niliacha chuo, na naishi kwa kuuza makala. Wahariri wa mbali huniomba hadithi za mtaa wangu, na mimi hulipwa kwa sababu mimi ni "wa huko". Hadithi zetu tuzisimulie wenyewe: nimeisema kauli hiyo na bado naiamini. Lakini Letcher inaonyesha kwamba neno "wenyewe" lina vyumba vingi ndani yake, na baadhi ya vyumba vinalipiwa kodi. Kuwa mwenyeji hakunipi ridhaa ya jirani yangu. Hiyo lazima nimwombe yeye, na akikubali, mwingine yeyote mtaani asimkatalie.

Kinachonifurahisha ni kwamba jibu bora kwa filamu ya Barret linapatikana kwa Barret mwenyewe. Mwaka 1976 alitengeneza Quilting Women, kuhusu wanawake wanaoshona mablanketi ya viraka, na mwaka 1982 Coalmining Women, ambamo wanawake waliokuwa wanashuka migodini wanaeleza walivyoipata kazi, dharau walizokumbana nazo na hatari za chini ya ardhi. Hatari hizo Letcher inazijua: Machi 1976, milipuko miwili katika mgodi wa Scotia iliua watu 26 ndani ya siku tatu. Ndani ya filamu hizo mtu wa kawaida si ushahidi wa umaskini wala nembo ya heshima. Ana kazi mkononi na maoni mdomoni.

Julai 2022 mto North Fork ulifurika na maji yakaingia kwenye hifadhi ya Appalshop, yakalowesha miongo ya kanda za namna hiyo. Nilipoziona picha za kanda zilizojaa matope, sikuhuzunikia kwanza filamu zilizoshinda tuzo. Hizo zina nakala kwingine. Nilifikiria zile saa nyingi ambazo hazikuwahi kuingia kwenye filamu yoyote, mtu ameketi barazani kwake akiongea, na kwa mara moja hakuna aliyemkatiza.