Kisahani cha Baridi Kimepewa Kazi ya Breki

Twende moja kwa moja pale fundi alipotoboa dashibodi. Wengi mmeshaiona ile video, maana imezunguka sana kwenye simu za mafundi na madereva: Ford F-250 ya mwaka 2001, injini ya 7.3 Power Stroke, iko gereji moja huko Marekani, turbo imeshushwa na kuwekwa mezani. Hadi hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Kisha fundi akashika drili, akatoboa tundu kando ya redio, akapachika swichi ndogo, akavuta waya hadi kwenye solenoidi ya valvu ya ekzosti na kumwambia mwenye gari kuwa sasa ana breki ya ekzosti bila kununua breki ya ekzosti. Mwenye gari akacheka kwa raha. Gari lenyewe ni otomatiki, na kazi yake kuvuta tela.

Sioni sababu ya kuzunguka. Kazi ile imeharibika kwenye swichi, na yote mazuri yaliyotangulia hayawezi kuiokoa.

Valvu ile haikuzaliwa kuwa breki. Navistar waliounda injini hii walikuwa na shida ya majira ya baridi. Dizeli ikiwa haina mzigo inachelewa sana kupata moto, na dereva wa Minnesota akiwasha gari asubuhi ya barafu anaweza kukaa muda mrefu akipulizwa hewa ya baridi. Wakaweka kisahani kwenye mdomo wa kutolea moshi wa turbo. Hewa ya nje ikiwa ya baridi na oili bado haijapata joto, kompyuta inakifunga kiasi, moshi unabanwa, injini inalazimika kufanya kazi zaidi na inapata moto upesi. Ule mvumo wa kama ndege inayotaka kuruka ndio huo. Oili ikishapata moto kisahani kinafunguka na kazi yake imekwisha.

Kinachokisukuma kisahani ni shinikizo la oili ya injini, kupitia pistoni ndogo iliyo ndani ya kitako cha turbo. Solenoidi ndiyo inayopima oili ipite kiasi gani. Nayo solenoidi haiamui kitu, inafuata kompyuta, na kompyuta inasikiliza sensa inayosoma shinikizo la moshi kutoka kwenye manifodi kupitia kijibomba chembamba. Moshi ukibanwa kupita kiasi, kompyuta inalegeza. Huo ndio ulinzi wote uliopo.

Sasa rudini kwenye swichi. Fundi aliitenga solenoidi na kompyuta, akaipa umeme wa moja kwa moja. Ama imefungwa yote au imefunguliwa yote. Ajabu ni kwamba dakika chache kabla ya hapo alikuwa amekizibua kile kijibomba cha sensa kilichojaa masizi, na alikizibua vizuri. Sensa sasa inasoma sawasawa, lakini imekuwa shahidi asiyeitwa mahakamani.

Breki ya ekzosti ya kweli, ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ina njia ya kupunguza pumzi. Kisahani chake kina tundu lililopimwa, au kuna springi inayoachia moshi ukizidi. Watengenezaji hawakuweka tundu lile kwa urembo. Moshi uliobanwa kwenye manifodi unageuka na kusukuma valvu za ekzosti kutoka nyuma. Springi zikiwa dhaifu, valvu inanyanyuka pale isipotakiwa kunyanyuka, kisha inajipiga kwenye kiti chake. Injini hii ya mwaka 2001 ina springi zake za kiwandani, hakuna aliyezigusa wala kuzipima. Kumbukeni pia kisahani kiko baada ya turbo, kwa hiyo kinachobanwa ni turbo yenyewe pamoja na yale mabomba mawili yanayopanda kutoka kwenye manifodi, ambayo kila aliyemiliki 7.3 anajua yanavyopenda kuvuja.

Na mguu je? Mafundi wa zamani walikuwa hawalisahau hili. Kwenye Fuso na Isuzu zetu, ukigusa mafuta au klachi, breki ya ekzosti inaachia yenyewe, kwa sababu pedali zina swichi zake. Kwenye Scania 113 dereva alikuwa na kitufe sakafuni, anakikanyaga kwa mguu, na akiutoa mguu breki imekwisha. Hakuna namna ya kuisahau ikiwa imefungwa. Swichi ya huyu bwana iko kando ya redio, haina taa, haina uhusiano na pedali ya mafuta. Mwenye gari akimaliza mteremko, akaanza kupanda na tela nyuma, akasahau, atakanyaga mafuta huku mdomo wa turbo umefungwa. Joto la moshi litapanda mpaka lipate pa kutokea, na mara nyingi hupatia penye sili za turbo.

Lakini hata angeweka swichi kwenye pedali, bado kuna gia boksi. Hapa wasomaji wangu wa siku nyingi watasema ameanza tena na otomatiki zake. Ndiyo, nimeanza. Hii ni 4R100, na tabia yake ni kwamba ukitoa mguu kwenye mafuta, klachi ya ndani ya torki konveta inaachia. Ikishaachia, magurudumu na injini vinaunganishwa na mafuta ya gia tu. Breki ya ekzosti inaizuia injini, injini inapunguza mizunguko, na gari linaendelea kuteremka kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu mizunguko ikishuka, shinikizo la oili nalo linashuka, hasa oili ikiwa imeshapata moto. Na ni shinikizo hilohilo linalokishikilia kisahani. Breki inadhoofika kwa sababu ya udhaifu wake yenyewe.

Wanaouza breki za ekzosti kwa magari haya wanalijua jambo hili, ndiyo maana kwa otomatiki wanauza pia kifaa cha kuilazimisha konveta ibaki imefungwa, na kuongeza shinikizo la mafuta ndani ya gia boksi ili klachi yake isiteleze na kuungua. Fundi wetu hakutaja konveta hata mara moja. Alilijaribu gari kwenye barabara tambarare, bila tela, likavuma vizuri, akanyanyua kidole gumba.

Angelijaribu kwenye mteremko wa Kitonga. Dereva wa malori anayeshuka pale kwenda Mikumi na mzigo kamili hakuhitaji kusoma popote kwamba gia ndiyo breki ya kwanza, na kwamba ekzosti inaisaidia gia, haichukui nafasi yake. Unachagua gia ukiwa bado juu, kabla hujaanza kushuka. Ukishateleza ndani ya mteremko ukiwa na namba kubwa, ule mvumo wa ekzosti ni muziki tu.

Kuna mtu mmoja wa Kimarekani ambaye fundi huyu, akiwa Mmarekani, angepaswa kumkumbuka. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwenye jina lililoko kwenye injini za Cummins, alikuwa akivuka nchi na lori la dizeli kutoka New York kwenda Los Angeles ili kuonyesha dizeli inaweza nini. Wakiteremka Cajon Pass kule California breki zikaisha nguvu, na mbele yao treni ilikuwa ikikatiza barabara. Waliikosa kwa nafasi ndogo sana. Mzee yule hakurudi nyumbani akapachika swichi kwenye kitu kilichokuwa na kazi nyingine. Alilifikiria jambo lile kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1950 akachora mfumo wa kufungua valvu za ekzosti pistoni inapofika juu, ili hewa iliyogandamizwa itoke na nguvu yake ipotee, injini igeuke kuwa mashine ya kunyonya mwendo. Kampuni ya Jacobs ilianza kuuza breki hiyo mwaka 1961, na madereva wanaiita Jake mpaka leo. Miaka thelathini kwa breki moja! Huyu wa kwetu alitumia drili na kipande cha waya.

Niseme na la rezista, maana nimelipigia kelele hapa mara nyingi na bado linaendelea. Kompyuta ilipoikosa solenoidi iliwasha taa na kuandika P0475, yaani valvu ya shinikizo la moshi ina hitilafu. Ilikuwa inasema kweli. Fundi akaunga rezista kwenye waya ili kompyuta idhani solenoidi ipo. Taa ikazimika, wakapongezana. Tumefika mahali ambapo taa kuzimika ndiyo matengenezo, iwe ni Ford ya huko au Prado ya hapa.

Kazi yake nyingine ilikuwa safi: o-ringi za kitako zimebadilishwa, boliti zimekazwa kwa kipimo, uvujaji wa oili umekwisha.

Na hapo hapo alikuwa na njia mbili mbele yake, zote za heshima. Kama gari linaishi penye theluji, angekirudisha kisahani kama kilivyokuwa, na kijibomba chake safi, kikaendelea kupasha injini moto asubuhi. Kama mwenyewe kachoka na mvumo na uvujaji, angekitoa kabisa: mdomo wa turbo usio na kisahani, kitako kisicho na ile pistoni, hakuna tena mahali pa oili kuvujia, na solenoidi ya zamani ikabaki kwenye plagi yake imefungwa pembeni ili kompyuta isilalamike. Najua mtasema hiyo nayo ni kuidanganya kompyuta. Ni kweli, ila haidanganywi kuhusu kitu ambacho maisha ya mtu yanakitegemea mteremkoni. Baridi ikizidi, block hita ipo, ichomekwe usiku ukutani.

Na kama mwenye gari alitaka breki kwa ajili ya tela lake, angeambiwa bei ya breki pamoja na kifaa cha konveta, achague. Au angeambiwa atafute Super Duty yenye gia sita za mkono, ambayo Ford hao hao walikuwa wakiiuza mwaka huohuo, dirisha moja na hii.