Kolekole wa asubuhi ya tatu

Nilimpata asubuhi ya tatu, pale mto Mwachema unapomwagika baharini kati ya Tiwi na Diani, karibu na msikiti wa Kongo. Kolekole mmoja, hakuzidi kigasha changu kwa urefu, na alidanganywa na manyoya ya mbuzi. Asubuhi mbili za kwanza nilikuwa nimerudi nyumbani na mshipi uliojifunga mafundo na sikio lililotobolewa na ndoana. Ufito ulikuwa ule ule na chambo kile kile, na mkono wangu ni mzito hadi leo. Nilichobadilisha ni saa ya kwenda.

Kwanza chombo chenyewe, maana kinapingana na tuliyoyazoea. Mvuvi wetu wa mshipi hurusha chubwi: risasi ndiyo nzito, mshipi hufuata tu. Katika uvuvi huu wa chambo cha manyoya, chambo hakina uzito wa kufika popote, kwa hiyo uzito umehamishiwa ndani ya mshipi, ambao ni mnene kama uzi wa kiatu na mwishowe umeunganishwa na nailoni nyembamba isiyomshtua samaki. Unaupeleka mshipi nyuma, unasimamisha mkono ghafla, unangoja unyooke wote angani, ndipo unaupeleka mbele na kuusimamisha tena. Kila anayeanza hukosea pale pa kungoja. Hana subira, anarudisha mkono mshipi ukiwa bado umejikunja nyuma yake, na kinachotua majini ni furushi. Ufito wa namba 8 au 9 unatosha, na mita 15 za mrusho nadhifu zina faida kuliko mita 25 za vurugu.

Ufundi huu wa maji ya chumvi unadaiwa sana na wavuvi wa bass wa Marekani. (Ningeandika basi, ila kwetu neno hilo tayari lina magurudumu na makanga.) Bass wa bahari za kaskazini hawafiki kwetu, na bass tuliye naye Kenya ni wa maji baridi, aliyeletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Huku Kwale, anayemkaribia kwa tabia ni chewa, mvizia wa mapango ya mwamba. Kolekole hana subira hiyo, yeye hukimbiza. Lakini chambo cha bass kilivuka bahari vizuri kabisa. Nilichotumia mimi kilibuniwa miaka ya 1980 na Bob Clouser wa Pennsylvania, kwa ajili ya bass wa mto Susquehanna. Werevu wake uko kwenye macho: vipande viwili vya risasi hufungwa upande wa juu wa shina la ndoana, uzito ukakipindua chambo kizima, ncha ikatazama juu. Ukivuta kinapanda, ukiacha kinapiga mbizi kama kisamaki kilichojeruhiwa. Na kwa kuwa ncha haigusi chini, hakinasi ovyo kwenye nyasi za bahari na matumbawe. Changu nilikifunga kwa nywele nyeupe za mbuzi na shanga mbili za chuma badala ya risasi. Maji ya kiunoni hayahitaji zaidi.

Sasa makosa. Ilikuwa Julai. Nilifika saa tatu asubuhi, nimeshakunywa chai, kusi imeshaamka. Mtu akisimama Diani akiitazama bahari, mashariki iko mbele yake na kusini mkono wake wa kulia. Kusi, kwa hiyo, humjia kutoka mbele kuliani na kumsukumia mshipi mwilini ikiwa anarusha kwa mkono wa kulia. Ndiyo habari ya sikio langu. Kaskazi hutoka mbele kushoto na kuupeleka mshipi mbali naye, kwa hiyo Januari ingenihurumia. Anayelazimika kuanza wakati wa kusi na arushe juu ya bega la kushoto, au awahi kabla haijapata nguvu.

Siku ya pili nilifanya analofanya kila mwanafunzi: nikakilaumu chambo. Nilikibadilisha mara tatu, nikarudi kwa kile cha kwanza. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kivulini aliniangalia muda mrefu. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, unavua maji yaliyolala. Ngoja bamvua, uje na adhana ya alfajiri."

Maneno hayo yana hesabu ndani yake. Siku zile mwezi ulikuwa nusu, yaani maji mafu, bahari haipandi wala kushuka sana. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo huja bamvua, na kwenye pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri, yakapwa hadi karibu na saa nne asubuhi. Gawa kimo cha kupwa huko mafungu 12. Saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Bamvua ikiwa ya mita 3.6, saa mbili za katikati peke yake hutoa mita 1.8, nusu nzima. Na saa hizo ni kuanzia kumi na mbili hadi mbili asubuhi: jua linachomoza, umande unavuma kutoka bara mgongoni mwako, na mto unamwaga mkizi wadogo baharini bila hiari yao. Mzee alikuwa amenipa jedwali zima kwa sentensi mbili.

Asubuhi ya tatu, bamvua ilipofika, nilisimama pembeni, pale mkondo unaposuguana na maji matulivu. Mwindaji haogelei katikati ya mkondo, anachoka. Hukaa kwenye mpaka huo akingoja kiletwe. Nilitupa kukatiza mkondo, nikauacha ukibebe chambo, nikaanza kuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto: shubiri moja, tulia, shubiri moja. Mara ya nne au ya tano kitu kilishika. Hapa waliozoea trauti wa mito ya Aberdare hupoteza samaki, kwani huinua ufito juu na kumng'oa chambo mdomoni. Ufito unauacha chini, umeelekea samaki, na unavuta mshipi wenyewe kwa nguvu hadi ndoana izame. Kisha ndipo unainua. Angekuwa mzia, meno yake yangekata nailoni, na sikuwa na waya.

Mengine ni ya kawaida: buruza miguu ili taa akusikie aondoke, zungumza na kamati ya wavuvi ya bandari (BMU) kabla ya kuanza, usivue Kisite, ambako ni hifadhi, na osha rili kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Saa mbili na nusu mkondo ulilegea, mkizi wakaacha kuruka, kusi ikaanza kunigusa shavu la kulia. Nikampelekea mzee samaki wake. Alimpokea, akakichukua kile chambo, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akazivuta zile nywele kidogo kuona kama zimeshika.

"Vizuri," akasema. "Na mbuzi mwenyewe yuko wapi?"