Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Miongoni mwa riwaya za Kiingereza zinazosimulia habari za wamisionari katika Afrika, ni chache zinazomhusu mwalimu wa lugha kama The Poisonwood Bible ya Barbara Kingsolver wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1998. Jina lake twaweza kulitafsiri Biblia ya Mti wa Sumu. Wengi wameisoma kama hadithi ya siasa ya Kongo, na kwa hakika siasa imo: uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na kuuawa kwa Patrice Lumumba mwezi wa Januari 1961. Makala haya yataitazama kama hadithi ya kosa la matamshi, na ya mtu aliyekataa kusahihishwa.

Nathan Price, mhubiri wa Kibatisti, anatoka Georgia mwaka 1959 pamoja na mkewe Orleanna na binti zao wanne. Utumishi wao umepangwa kuwa wa mwaka mmoja tu, katika Kilanga, kijiji alichokibuni mwandishi kando ya mto Kwilu. Kwa kuwa mizigo ya ndege ina kipimo, wanavaa nguo juu ya nguo na kuficha vitu ndani yake, hata pakiti za unga wa keki. Msomaji hucheka, lakini kicheko hicho kina maana: watu hawa hawakufikiri kwamba huko waendako wapo wanaojua kulima na kupika.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayetoa jembe ni mwenyeji, na shamba ni lake. Mgeni hulima kama alimavyo mwenyeji. Nathan amekuja na jembe lake na mbegu zake. Mama Tataba, anayewasaidia kazi za nyumbani, anamwonya asishike mti fulani. Hasikii, na ngozi yake inavimba. Anamwambia apande juu ya matuta, hasikii. Mama anayainua matuta mwenyewe, naye anayasawazisha. Kisha mvua kubwa inashuka na kuzoa mbegu zote.

Yaliyotokea shambani yanatokea pia kanisani. Katika riwaya hii, neno la Kikongo analolitumia Nathan kumsifu Yesu lina maana ya azizi likitamkwa ipasavyo. Likitamkwa kama alitamkavyo yeye, ni jina la mti ule ule uliomdhuru. Hivyo anawatangazia watu, bila kujua, kwamba Yesu ni mti wa sumu. Sisi tunaowafundisha wanafunzi kwamba barabara, mkazo ukihama, huwa njia ya magari au huwa sawasawa, hatuna haja ya kuelezwa uzito wa jambo hili. Imani yake si haba, wala bidii yake. Kilichompungukia ni sikio.

Watu wengi huzilaumu safari fupi za utumishi kwa sababu ya ufupi wake. Riwaya inatupa jibu la kina zaidi. Uhuru unapokaribia, Nathan anashauriwa aondoke. Anakataa, na anabaki Kongo hadi kufa kwake. Miaka hiyo yote haikumfunza kusikiliza. Kinyume chake ni Fowles, aliyemtangulia kijijini, ambaye alijifunza lugha ya watu na kuoa kwao. Na Leah, binti yake mwenyewe, aliyekubali kuwa mwanafunzi. Historia ya lugha yetu ina mifano kama hiyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882; Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kazi zao zina kasoro, lakini zisingekuwapo kama wasingewauliza wenyeji.

Kwa upande wa fani, mwandishi amefaulu sana kuwapa usimulizi mama na mabinti wanne, kila mmoja na usemi wake. Rachel huyachanganya maneno ya lugha yake mwenyewe, na Adah huyasoma kinyumenyume. Nathan hapewi hata sura moja ya kusimulia, na hiyo ni hukumu ya haki kwa mtu aliyesema mno.

Hata hivyo hapana budi kutaja upungufu. Wasimulizi wote watano ni wageni. Anatole, mwalimu mwenzetu, ndiye anayetafsiri mahubiri. Tunamsikia kwa masikio ya wageni tu. Kwa nini wenyeji waliliacha kosa lile liendelee? Kwa heshima, kwa dhihaka, au kwa kuchoka? Mwenye kujibu ni Mkongo, naye hakupewa nafasi. Mwandishi anayekemea kutosikiliza ametuachia kiu ya sauti hiyo.

Jambo hili linatugusa. Makundi ya makanisa ya ng'ambo huja katika nchi zetu kwa wiki moja au mbili, kuhubiri, kutibu au kujenga madarasa, na vijana tuliowafundisha ndio wakalimani wao. Mkalimani aliyezoea kulainisha kila neno humrudisha mgeni kwao akiwa ameridhika na asiyejua kitu. Tuwafundishe vijana wetu, pamoja na ngeli na mkazo, adabu ya kumsahihisha mgeni: kumwambia kwa upole na bila woga kwamba alilolisema silo alilolikusudia. Nawashauri pia walimu wenzangu wa kidato cha juu wawape wanafunzi zoezi hili: kuandika kwa Kiswahili fasihi sura moja ambayo mwenye kusimulia habari za matuta ni Mama Tataba.