Pampu haijachoka, bomba linavuja

Tukielezea moyo kushindwa kufanya kazi, vipeperushi na blogu (hii ikiwemo) huleta mfano uleule: pampu iliyochoka. Mfano unaeleweka haraka, ila unaacha wagonjwa fulani nje kabisa. Kuna moyo unaoshindwa huku ukisukuma damu kupita kawaida.

Chukua mradi wa maji wa HTM, unaovuta Mto Pangani kule Korogwe na kupeleka Handeni. Tuseme bomba kuu linatobolewa njiani, maji yanarudi mtoni. Handeni ndoo ziko foleni, Korogwe pampu inanguruma usiku na mchana. Sasa utabadilisha pampu?

Mwilini, tundu hilo ni ateri iliyoungana na vena moja kwa moja bila kupitia kapilari. Wengine huzaliwa nalo, wengine hulipata kwa kisu au risasi. Wagonjwa wa figo hutengenezewa mkononi makusudi, kwa ajili ya kusafishwa damu. Mtu mzima aliyetulia husukuma lita kama 5 kwa dakika. Hapa zinaweza kupita 8. Miguu inavimba, pumzi inakata, lakini viganja vina joto.

Ni nadra, sawa, na shinikizo la damu ndilo chanzo kikuu nchini. Lakini dawa za kukojoza hazizibi tundu, na likizibwa mapema moyo huweza kurudi sawa. Tangu karne ya 19 madaktari wanajua kwamba ukilibana tundu kubwa, mapigo hupungua palepale. Hiyo haihitaji hata umeme. Inahitaji mtu aulize: kovu hili ulilipata lini, na mbona linatetema?