Sebule Kwanza, Risiva Baadaye

Wengi wetu tukitaka sinema ya nyumbani huanzia dukani. Tunafika Kariakoo, tunaonyeshwa maboksi, hili wati elfu moja, lile wati elfu tano, tunabeba lenye namba kubwa. Fundi ninayemzungumzia hapa huanzia kwenye sebule ya mteja, mkononi ana futi ya chuma na kidaftari, basi.

Mteja alikuwa mwalimu mstaafu wa Tabata. Tatizo lake wengi wanalijua: kwenye filamu milipuko inatikisa madirisha, lakini maneno ya waigizaji hayashikiki. Akiongeza sauti wajukuu wanaamka, akipunguza anabaki kutazama midomo tu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, mwenyewe huwa unakaa wapi?" Mama akaonyesha kochi refu lililoegemea ukuta wa nyuma. Fundi hakusema kitu. Akafungua futi.

Urefu mita 4.3, upana 3.6, dari 2.8. Sakafu ya vigae, kizulia kidogo katikati, pazia zito kushoto, kulia ukuta mtupu. Akasimama katikati ya chumba na kupiga kofi moja kali. Mwangwi ukarudi mfupi, wenye ukali wa chuma. Akapiga tena akiwa karibu na ukuta mtupu, akaandika. Vigae na ukuta mtupu huirudisha sauti haraka mno, na katika maneno kinachoharibika kwanza ni konsonanti, zile s na t na k zinazotenganisha neno na neno. Kwa hiyo kabla hajagusa mashine yoyote, nusu ya ugonjwa alikuwa keshaujua.

Mama alikuwa na spika mbili ndefu za zamani. Fundi aliinama nyuma yake na kusoma: desibeli 88, omu 8. Maana yake ukiipa spika hiyo wati moja, mtu aliye mita moja mbele atapata desibeli 88. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli tatu tu. Wati 16 zinakufikisha desibeli 100, na hapo mazungumzo ya watu wawili yameshakwisha. Akapiga hesabu ya umbali hadi kwenye kochi, akaandika: "60 za kweli zinatosha."

Neno "kweli" katika hesabu hiyo ndilo lililotupeleka dukani. Risiva moja inaweza kuandikwa wati 150 kwenye boksi na wati 80 kwenye kitabu chake, na namba zote mbili zikawa halali. Ile kubwa hupimwa kwa chaneli moja peke yake, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, huku sauti ikiruhusiwa kukwaruza hadi asilimia 10. Ile ndogo hupimwa kwa chaneli mbili pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, mkwaruzo ukiwa chini ya asilimia moja. Huko Marekani mchezo huu ulisumbua kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliweka kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya. Huku kwetu unahitaji fundi anayegeuza boksi.

Alichagua risiva ya mtumba ya Yamaha, ya chaneli tano, pamoja na sabufa na spika za kukamilisha seti, lakini risiva kwanza aliikagua kama anayenunua ng'ombe. Aliiinua kuusikia uzito wa transfoma. Akasoma kibati cha nyuma, kwa sababu mashine za soko la Japani hutaka volti 100 na za Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Akaichomeka, akainamisha kichwa. Baada ya sekunde chache ikasikika "ta!" ya relei ikiunganisha spika, dalili kwamba ulinzi wa ndani haujaona hitilafu. Kisha spika moja ndogo aliyokuja nayo akaihamisha chaneli hadi chaneli, na kila tundu la HDMI akalijaribu, na kitufe cha sauti akakizungusha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndipo akauliza bei? Hapana. Aliuliza maikrofoni. Risiva za aina hii huja na kimaikrofoni cha kupimia chumba, na kwenye mitumba ndicho kinachopotea kwanza. Muuzaji akatoa cha kampuni nyingine, akisema vyote ni sawa. Fundi akakirudisha mezani kwa adabu. Kila mashine imetengenezwa ikijua tabia ya maikrofoni yake, na ukiipa nyingine itasahihisha makosa yasiyokuwepo. Tukasubiri mpaka chenyewe kikapatikana kwenye droo.

Nyumbani, kazi ya waya ilinishika kuliko zote. Waya ni wa shaba tupu, milimita za mraba 2.5, si ule wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Anauzungusha wembe juu ya plastiki bila kuukandamiza, anavuta, na nyuzi zinatoka zote bila moja kukatika. Anazisokota upande mmoja, anazitazama kwenye mwanga kuhakikisha hakuna uzi uliochomoza, maana uzi mmoja ukigusa tundu la jirani unaweza kuua amplifaya. Kabla ya kufunga waya kwenye risiva, akachukua betri ya redio ya volti 1.5 na kuugusisha upande wa chanya kwenye waya mwekundu. Koni ya spika ikasogea mbele kidogo. Spika ya pili, mbele. Ya tatu ikarudi nyuma. Akafungua kifuniko chake, akakuta waya wa ndani umegeuzwa na fundi fulani zamani, akaurekebisha bila kumsema mtu.

Risiva aliiweka kwenye rafu ya wazi, nafasi ya kiganja juu yake. Mama akaja na kitambaa cha kufuma. Nyumba zetu hazipendi chombo kikae uchi. "Hiki tukiweke kwenye meza, mama. Hapa juu ndipo inapopumulia."

Kochi likavutwa sentimita 60 kutoka ukutani, kwa sababu besi hujilundika kwenye kuta na anayeegemea ukuta husikia besi isiyo yake. Kwa uzi wa kushonea akapima pembetatu: kutoka kichwa cha mama hadi spika ya kushoto, hadi ya kulia, na kati ya spika hizo mbili, urefu ule ule. Spika ya katikati, inayobeba karibu maneno yote ya filamu, akaileta hadi ukingoni mwa rafu na kuisimamisha juu ya kabari ya mti ili itazame masikio, si magoti. Zile za nyuma akaziweka ubavuni na nyuma kidogo ya kochi.

Kuhusu sabufa, wajukuu walipata burudani. Aliipandisha kwenye kochi, mahali pa mama, akapiga besi nzito, kisha akatambaa kwa magoti kandokando ya kuta, sikio karibu na sakafu. Pale besi iliposikika imetulia, haivimbi wala haipotei, akabandika utepe. Sababu ni rahisi: njia ya sauti kutoka kochi hadi utepe ni ile ile ukiigeuza.

Maikrofoni ikasimamishwa juu ya mguu wa kamera, kimo cha masikio. Feni ikazimwa, friji ikachomolewa. Bodaboda ikapita, akasubiri iishe kabisa. Risiva ikatoa milio yake, spika moja baada ya nyingine, na baada ya dakika chache ikatoa majibu. Wengi huishia hapo. Yeye ndipo alipovuta kiti.

Sabufa ilisomeka iko mita 4.6, wakati futi inasema 3.1. Nilidhani atasahihisha. Akaiacha, kwani saketi za sabufa huichelewesha sauti, na mashine huhesabu ucheleweshaji huo kama umbali, karibu sentimita 35 kwa kila milisekunde. Spika ndefu mashine iliziita "kubwa". Hapo akapinga: akazifanya "ndogo", mpaka hezi 80, yaani chini ya hapo kazi yote iende sabufa na amplifaya ipumue.

Kisha masikio. Akapiga taarabu ya Culture Musical Club, kikundi cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1958, kwa kuwa ala ya kanuni huonyesha ukali wa juu na besi la nyuzi huonyesha kila kosa la chini. Uzi mnene wa besi hilo hutoa hezi 41. Chumba cha mita 4.3 huvimba chenyewe kwenye hezi 40 hivi. Nota hiyo ilipopigwa, sebule ikaguna. Akasogeza sabufa kiganja kimoja, akakaa mahali pa mama, akasikiliza wimbo ule ule tangu mwanzo. Akapunguza desibeli mbili. Tangu mwanzo tena. Hakuruka mbele hata mara moja, ingawa nota aliyoitafuta iko katikati.

Mwisho zulia kubwa la chumbani likaletwa mbele ya kochi, spika ya katikati ikaongezwa desibeli moja na nusu, na filamu ikawekwa. Mama alisikiliza mazungumzo ya jikoni ya watu wawili, akamwambia mjukuu apunguze sauti kidogo, inatosha.

Fundi alinakili namba zote kwenye karatasi na kuibandika chini ya rafu. Akamwambia mama kwamba pazia la kuufunika ule ukuta mtupu wa kulia likishashonwa ampigie simu, maana namba hizo itabidi zipimwe upya, na kimaikrofoni asimpe mtu.