Vitabu Vilivyosahauliwa na Waandishi Wake

Kabati la vitabu la shule zetu twalijua lilivyo. Mna vitabu vya mtihani, nakala thelathini za kimoja; mna Shaaban Robert, naye astahili kuwamo; na baada ya hapo majina ni machache. Kijana amalizapo masomo yake hudhani kwamba waandishi wa Kiswahili ni watu watano au sita. Twapenda kutaja wengine, wala si kwa kuwasifu tu, maana kitabu hakiwi kizuri kwa sababu hakisomwi, na viko vilivyosahauliwa kwa haki.

Tuanze na habari za kale. Mwaka 1934 ilipigwa chapa London kazi ya James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, akalelewa Freretown, ule mji wa wakombolewa karibu na Mombasa, mahali ambapo watu hata leo hupaita Kengeleni kwa ajili ya kengele yake. Yeye aeleza jinsi watu walivyokamatwa bara, walivyotembezwa hata pwani, walivyopakiwa majahazini, na jinsi manowari za Waingereza zilivyowaokoa baharini. Kiswahili chake ni chepesi, chasomeka kwa sauti bila kujikwaa, na mambo aliyoyapokea kwa wazee wake yana uzito ambao hakuna mtungaji angeweza kuubuni.

Walakini shukrani zake kwa Waingereza hazina kipimo, na wakosoaji wengi wamemlaumu kwa hayo. Twaona lawama ina haki yake. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la Unguja na biashara ya baharini, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa na sheria huko Unguja mpaka mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Tena Waingereza hao walikuwa wamewavusha watu wengi bahari ya Atlantiki kabla ya kujikataza mwaka 1807. Mwalimu asimwache mwanafunzi asome kitabu hiki pasipo habari hizo. Lakini kukificha kabatini kwa sababu hiyo ni kosa jingine. Mtoto wa mtu aliyetolewa katika minyororo ana ruhusa ya kumshukuru aliyemfungulia, na sisi tuna wajibu wa kusikia shukrani ile ilivyosemwa kabla ya kuihukumu.

Kwa hadithi za upelelezi hatutakawia. Watu wamjua Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Wachache wamkumbuka Faraji Katalambulla, aliyetoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Ni kitabu cha jioni moja, wala hakijidai kuwa zaidi ya hapo. Vijana wanaokataa kusoma kitu chochote hukisoma hiki, na hiyo si sifa ndogo. Shida, ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka 1975, ni kazi yenye moyo zaidi: vijana huacha kijiji chao kwa kutumaini mji, na mji hauwapokei. Wanawake walioandika riwaya za Kiswahili wakati ule walikuwa haba mno, na kwa hilo peke yake lingetupasa kuitafuta. Bahati njema haina haja ya kuombewa hivyo.

Sasa twafika kwa yule ambaye kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasomeshwa na mapadre, akawa katekista na mwandishi wa habari za watu wake. Mwaka 1945 alimaliza kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kikakosa mpiga chapa. Mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka 1981 alifariki.

Kisa chenyewe ni hiki: mume na mke hawajapata mtoto, jamaa za mume wamsema vibaya mke, nao wazazi wake wamtwaa binti yao, mume hataki mwingine, aenda ukweni kumwomba, naye atozwa pombe ya ndizi. Hayo tu, na kutokana nayo zapatikana juzuu mbili. Wasomaji wenye haraka husema kwamba hadithi haiendi. Ni kweli kwamba mwandishi husimama mara nyingi kueleza kilimo, uvuvi, upishi wa pombe na dawa, na mahali pengine amekuwa mwalimu kuliko msimulizi. Wengine, hasa wa pwani, hukicheka Kiswahili chake kwamba chanuka Kikerewe. Sisi twaipenda harufu hiyo. Lugha iliyopokewa na watu wa bara yapaswa kuwabeba pamoja na mizigo yao.

Wako pia watakaosema kwamba kitabu ambacho ndani yake mganga huwatibu mume na mke wakapata mtoto hakifai katika shule ya misheni. Na wamtazame mwandishi. Katekista huyu aliwaona wazee wake wakipendana katika ndoa moja, wakivumilia matusi ya jamaa, akayaandika hayo pasipo kuyadharau wala kuyapaka rangi. Kama yeye hakuona haya, sisi twaogopa nini?

Kitabu ni kirefu, na vipindi ni vifupi. Mwalimu mwenye saa moja tu kwa juma na aanze na safari ya Myombekere kwenda ukweni, aisome kwa sauti, wala asiziruke zile salamu.