Sifa za Mpiga Mbiu

Katika miji ya pwani ya karne ya 19 sheria ilikuwa na sauti kabla haijawa na karatasi. Mtu alipita mitaani na pembe ya nyati mkononi, akiipiga kwa kijiti, na kila ilipolia watu walijua kuna jambo. Mizani ya mfanyabiashara ikasimama, mvuvi akauacha wavu wake, madirisha ya ghorofani yakafunguliwa. Ndipo mwenye pembe alipopaza sauti na kueleza lililoamuliwa: nani anakatazwa nini, tangu siku gani, na atakayekaidi atafanywa nini. Akimaliza, alisogea mtaa wa pili na kuyasema yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Mabuku yanawakumbuka masultani waliotoa amri na mabalozi waliowashurutisha kuzitoa. Aliyeifikisha amri masikioni mwa mchukuzi wa bandarini hatajwi. Mimi namtaja yeye, pamoja na ndugu zake wa kazi: kadhi aliyeandika hukumu, katibu aliyeinakili, mzee aliyesimama barazani kuwasemea wazee wenzake. Kazi yao ilikuwa moja, kulitoa neno kinywani mwa mwenye mamlaka na kulifikisha kwa yule litakayembana, bila kulipunguza wala kuliongeza.

Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Barazani Unguja nyaraka za dola ziliandikwa kwa Kiarabu, na sokoni watu walisema Kiswahili. Aliyepiga mbiu alisimama katikati ya lugha hizo mbili na hakuwa na nafasi ya kufuta kosa, maana neno likishatoka limekwisha kusikika. Tazama mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash aliutia sahihi baada ya Waingereza kutishia kuizingira Unguja kwa manowari. Ulikataza kusafirisha watumwa baharini, na ukalifunga soko la watumwa la mjini. Haukukataza kumiliki mtumwa, wala haukuigusa njia ya nchi kavu. Basi misafara ikaendelea kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kwa miguu, watu wamefungwa shingo kwa shingo, hadi Aprili 1876 Barghash alipotoa matangazo mengine mawili ya kuizuia na njia hiyo. Kwa karibu miaka mitatu neno "baharini" peke yake liliamua nani atafikwa na nini. Mpiga mbiu aliyelimeza neno hilo kwa haraka aliwatangazia watu sheria ambayo haikuwapo.

Miaka 14 baadaye mtihani ulikuwa mkubwa zaidi. Tarehe 1 Agosti 1890 Sayyid Ali bin Said alitoa amri iliyopiga marufuku kuuza na kubadilishana watumwa, ikawapa haki ya kushtaki mahakamani kama watu wengine, na haki ya kujikomboa kwa malipo ya haki. Mjini kukawa na manung'uniko. Tarehe 20 ya mwezi ule ule ikatoka amri nyingine: mtumwa akileta fedha za kujikomboa, bwana wake halazimiki kuzipokea. Mlango uliofunguliwa mwanzoni mwa Agosti ulifungwa kabla mwezi haujaisha. Namfikiria mtu wa kazi hii akirudi katika mtaa ule ule, kwa watu wale wale walioanza kuhesabu vijisenti vyao, kuwaambia habari hiyo. Heshima ya kazi yake ilikuwa kuitangaza amri ya pili kwa sauti ile ile aliyoitangazia ya kwanza, kusudi asibaki mtu anayeishi kwa haki iliyokwisha kuondolewa.

Mjini huko huko, watu wengine waliifanya kazi hii kwa kalamu. Unguja ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii, kila mmoja akiwahukumu watu wa madhehebu yake. Mmoja wa waliosifika ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi Kilwa kabla ya kuwa kadhi wa Unguja, na aliyefariki mwaka 1896. Nyaraka za enzi hizo zina umbo ambalo mwandishi yeyote angefaa akae chini alisome. Hazianzi na madai ya mdai. Zinaanza na ungamo: amekiri fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani, kwamba anadaiwa na fulani kiasi hiki, hadi muda huu. Anayebanwa ndiye anayesemeshwa, kwa hiyo kesho hawezi kusema amesingiziwa. Jina linapanda hadi kwa babu ili lisichanganywe na la mwingine. Likiwa shamba la mikarafuu limewekwa chini ya bei ya khiyari, yaani limeuzwa kwa sharti kwamba mwenyewe akirudisha fedha katika muda uliowekwa atalipata tena, basi mipaka yake minne inatajwa, na kila upande jina la jirani. Mwishoni tarehe, mashahidi, na mkono wa aliyeandika.

Hakuna sifa hata moja ya kupamba humo. Shamba haliitwi zuri, mdaiwa haitwi mkaidi. Kila neno limebeba mzigo wake, na ukiling'oa moja kesi inaanguka. Ninachokipenda zaidi ni majina ya majirani, kwa kuwa jirani aliyetajwa kwenye mpaka amekwisha kuwa shahidi, hata kama siku ya kuandikiana alikuwa safarini Mrima.

Umbo zuri haliifanyi amri iwe ya haki, na hilo lisemwe waziwazi. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa na Sayyid Hamoud bin Mohammed kwa ajili ya Unguja na Pemba, iliandikwa na watu waliojua kuandika. Iliagiza mahakama zikatae kumpa bwana haki yoyote juu ya mwili, kazi au mali ya mtu kwa hoja kwamba ni mtumwa wake. Ila haikumwachia huru mtu yeyote kwa siku ile. Mtumwa mwenyewe alitakiwa aende akadai. Akishatambuliwa, aliingia kwenye kodi, na alipaswa kuonyesha kwamba ana makao na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana angelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri, na iliwabidi wangoje hadi 1909.

Uhuru wa namna hiyo ni wa aliyesikia tu. Mchuma karafuu aliyekuwa ndani kabisa ya Pemba, asiyejua kusoma, ambaye bwana wake hakuwa na sababu yoyote ya kumweleza, alibaki mtumwa siku ile, na mwezi ule, hadi pale mtu alipomfikishia habari. Kwa huyo, aliyeleta habari ndiye aliyemletea sheria yenyewe. Watunga sheria husahau hilo upesi sana.

Sisi wa Endamarariek, huku Karatu, tuna sababu zetu za kulikumbuka. Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Ngorongoro na kuteremka kuelekea Ziwa Eyasi. Aliwakuta Wamasai wakifa njaa, maana sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wao. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Novemba 1895, Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Amri yenyewe ilikuwa na kifungu cha kulinda madai ya watu binafsi, ya machifu na ya jumuiya za wenyeji. Waliotakiwa kukitumia kifungu hicho katika nyanda hizi ni Wamasai waliokuwa wakiwalilia wafu wao, Wadatoga, Wahadzabe wa Eyasi, na Wairaqw ambao wengi wao walikuwa bado kwenye milima ya Irqwa Da'aw huko Mbulu, kabla wana na wajukuu wao hawajapanda kuja Karatu. Hapakuwa na boma la Kijerumani huku, wala mtu wa kuja na pembe kusema: kuna amri, mwenye dai na aseme. Ardhi ya nchi nzima ilibadilishwa hadhi kwa lugha ambayo hapa hapakuwa na hata mmoja aliyeijua.

Matunda yake yalionekana mwanzoni mwa karne iliyofuata. Walowezi wa Kijerumani, ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf, walipewa ardhi ya kulima na kufuga ndani ya kreta ya Ngorongoro yenyewe, na serikali ikatumia nguvu kuwahamisha Wamasai. Amri ile ya 1895 siiti tangazo. Maandishi yasiyofikishwa kwa yule yanayemhusu ni siri iliyopigwa mhuri.

Tena isisemwe kwamba hukumu haikuweza kukaa mahali pasipokuwa na karatasi. Wazee wa Kiiraqw waliamua mashauri mazito, ya mipaka, ya ng'ombe, ya damu, bila kuandika neno. Walikaa chini, wakasemeshana hadi wakaafikiana, na aliyelitamka shauri hadharani alikuwa kahamusmo, msemaji wao. Hakutamka la kwake. Ustadi wake ulikuwa kuyakusanya maneno ya siku nzima, yenye hasira na mizunguko yake, na kuyarudisha yakiwa mafupi kiasi cha mtu kuondoka nayo kichwani. Kisha sala ya slufay ikasomwa, mzee akitamka na waliohudhuria wakiitikia kwa pamoja. Ukishaitikia mbele ya jirani zako, utasemaje kwamba hukusikia? Na adhabu waliyoiogopa watu kuliko faini ilikuwa kutengwa, na kutengwa kunawezekana tu ikiwa kila nyumba imepata habari. Kadhi alikuwa na majina ya majirani kwenye karatasi. Wazee wa Irqwa Da'aw walikuwa na majirani wenyewe wameketi pale.

Leo kazi hii iko mikononi mwa mtendaji wa kijiji, na naiheshimu kwa dhati inapofanywa vizuri. Matangazo mengi ya siku hizi yameandikwa kama kwamba aliyeandika anamwogopa atakayesoma. Yanaanza na kifungu, kifungu kidogo na kanuni, yanamtaja mwananchi kwenye aya ya tatu, na siku ya mwisho ya kuleta pingamizi imejificha chini, herufi ndogo, mahali ambapo jua la Januari limekwisha kufifisha wino. Msikilizaji wa mwaka 1873 alijua mapema zaidi anakatazwa nini.

Lakini hatua imepigwa, nayo ni kubwa. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili siku zote, huku juu, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, hukumu ikiandikwa kwa Kiingereza, na aliyeshinda akahitaji wakili amwambie kwamba ameshinda. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika uamuzi kwa Kiswahili, na Februari 2021 Rais John Magufuli akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa hilo. Mwezi huo huo Bunge likapitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nadhani ni katika mambo ya haki kabisa yaliyotendeka mahakamani kwetu tangu Uhuru, na ningependa majaji walichukulie kuwa ni suala la ufundi pia. Sentensi ya Kiingereza ya kisheria iliyovishwa maneno ya Kiswahili bado haijafika. Inabidi kuifikiria upya tangu mwanzo, kama alivyofikiri aliyetoka barazani na Kiarabu kichwani akaingia sokoni.

Na kwetu kuna hatua moja ya ziada. Kwa bibi wa Endamarariek aliyelelewa kwa Kiiraqw, Kiswahili nacho ni lugha ya ofisini. Mikutano ya kijiji inayokwenda vizuri ni ile ambayo mtendaji anasoma tangazo kwa Kiswahili, anatulia, na mzee mmoja anasimama kulisema kwa Kiiraqw, na kuulizwa, na kulirudia. Mgeni kutoka wilayani huona ni kupoteza muda. Saa hiyo ndipo tangazo linapotangazwa; kabla ya hapo lilikuwa limesomwa tu.

Ustadi wote huu unakutana siku ya kupima mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki ya kimila, zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kamati inatembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani wa pande zote. Ipo mikonge na minyaa, upo mfereji uliochimbwa na babu, lipo jiwe ambalo kila mtu ana hadithi yake. Mwandishi anaandika upande wa kaskazini umepakana na nani, kisha anasoma kwa sauti alichoandika. Jirani anakataa, anasema mpaka si mkonge huu, ni ule wa pili kutoka mferejini. Wanabishana, mama mmoja aliyeolewa pale zamani anaitwa aseme. Mwandishi anakata mstari, anaandika upya, na anausoma tena wote tangu jina la kwanza.